Miguu ya ndege kwenye chumvi ya pwani: kuijua, kuikagua na kuitunza

Abiria akishuka kwenye uwanja wa ndege wa Manda anachukua begi lake, anateremka gatini, anapanda mashua kuvuka kwenda Lamu. Magurudumu yaliyombeba hayatazami hata kidogo, na hana haja. Fundi na rubani ndio wenye haja hiyo. Mwongozo huu nimewaandikia vijana wanaoanza ufundi wa ndege, na marubani wa ndege ndogo zinazolala Manda au Malindi, mbali na gereji kubwa za uwanja wa Wilson kule Nairobi.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: huku kwetu miguu ya ndege huharibika zaidi ikiwa imeegeshwa kuliko inapotua. Kutua ni sekunde chache. Chumvi haipumziki, iwe kaskazi au kusi, na ndege iliyokaa wiki nzima bila kuruka ndiyo ya kuiangalia kwa jicho kali kuliko iliyotua mara nne jana.

Tahadhari moja kabla ya kushika spana. Takwimu ninazotaja ni mifano. Kitabu cha matengenezo cha ndege yako ndicho chenye amri, na kazi ikishakamilika anayetia saini ni mhandisi mwenye leseni inayotambuliwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Rubani anaweza kukagua, kupangusa na kupima, lakini kufungua mguu si kazi yake.

Aina za miguu

Mpangilio wa kawaida leo ni gurudumu moja puani na mawili makuu, nyuma kidogo ya kitovu cha uzito. Cessna 172, Caravan na Dash 8 zote ziko hivyo. Ukikanyaga breki ndege haipinduki kifudifudi, na rubani anaiona njia mbele yake. Mpangilio wa zamani ni wa gurudumu la mkia, kama Piper Cub na DC-3. Huo unafaa viwanja vya kokoto kwa kuwa propela inakaa juu, ila kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu, na upepo wa ubavuni ukishika, mkia unataka kutangulia mbele. Ndege kubwa hugawa uzito kwa kuongeza magurudumu: Boeing 747 ina 18, na Boeing 777 ina sita kwenye kila mguu mkuu. Helikopta nyingi ndogo hazina magurudumu kabisa, zinakalia vyuma viwili virefu.

Kuna miguu isiyokunjwa na ile inayokunjwa. Caravan haikunji, na nadhani hiyo ni sababu moja ya kupendwa kwake kwenye viwanja vya mchanga vya huku kaskazini: kwa mwendo wake, faida ya kuficha magurudumu haifikii gharama, uzito na matatizo ya mitambo ya kuyakunja.

La muhimu zaidi kwa fundi ni namna mguu unavyomeza kishindo. Piper Cub hutumia kamba nene za mpira. Cessna ndogo hutumia chuma cha springi, wazo la Mmarekani Steve Wittman: mguu mzima ni chuma kimoja kinachopinda na kurudi. Caravan imeendeleza wazo hilohilo kwa mirija ya chuma cha springi na mrija mwingine unaounganisha mguu wa kulia na wa kushoto, na puani ina nguzo ya mafuta pamoja na springi nene. Piper nyingi na ndege zote kubwa hutegemea oleo, yaani nguzo yenye mafuta na gesi ndani. Huyo tutamrudia kwa kirefu, kwa sababu ndiye anayedanganya watu.

Viungo, kutoka juu kwenda chini

Juu kabisa ni mahali mguu unaposhikamana na mwili wa ndege: bolti, bushi na mabano. Chini yake ni nguzo yenyewe. Kwenye oleo, silinda ya juu na pistoni ya chini zimeunganishwa na mikono miwili yenye kiungo katikati, ambayo mafundi huiita mkasi. Kazi ya mkasi ni kuruhusu pistoni ipande na kushuka bila kuzunguka, maana ikizunguka gurudumu litaangalia pembeni. Mguu wa pua wa Cessna una pia silinda ndogo yenye mafuta, shimi dampa, inayozuia gurudumu lisitikisike kulia na kushoto wakati wa kukimbia.

Halafu ekseli, beringi, gurudumu, tairi na breki. Gurudumu la ndege si kama la gari. Ni vipande viwili vya aloi vilivyokutanishwa katikati na kukazwa kwa bolti ndefu. Kwa hiyo sheria isiyo na mjadala: usilegeze bolti hizo hata moja kabla ya kutoa upepo wote kwenye tairi. Vipande vikiachana vikiwa na presha, vinaruka kwa nguvu ya kuua.

Tairi: anza hapa kila asubuhi

Wengi hukagua tairi kwa teke. Teke halisemi kitu. Tairi la ndege lina kuta ngumu, na likiwa limepungua robo ya presha yake bado linaweza kuonekana limesimama vizuri. Tumia geji, na tumia geji ileile kila siku, iliyopimwa usahihi wake.

Pima tairi likiwa baridi, saa mbili au tatu baada ya kutua, au mapema alfajiri kabla jua halijachoma lami. Cessna 172S inataka psi 45 (psi ni paundi kwa inchi ya mraba) puani na 42 kwenye magurudumu makuu. 172N, ambayo kwa macho ni ndege ileile, inataka 31 na 29. Ndiyo maana nasisitiza kitabu. Usijaze kwa mazoea ya ndege ya jirani.

Ndege zinazoshuka kutoka Wilson zina jambo lake. Kule ni juu, zaidi ya mita 1,600, hewa nyepesi na asubuhi ni baridi. Ikifika Manda, joto linapandisha presha ndani ya tairi, lakini uzito wa hewa ya usawa wa bahari unashusha kile geji inachosoma. Kwenye tairi dogo la psi 40 hivi, mambo haya mawili karibu yanafutana. Kwa hiyo tairi dogo likisoma pungufu ya psi 5 hapa pwani, usiseme “ni hali ya hewa.” Linavuja. Kwenye matairi ya presha kubwa joto ndilo linaloshinda: kila nyuzi 3 za Selsiasi zinabadilisha presha kwa takriban asilimia 1.

Kwa nini nashupalia presha? Tarehe 11 Julai 1991, ndege ya DC-8 iliyokodishwa kuwarudisha mahujaji wa Nigeria iliondoka Jeddah ikiwa na matairi yaliyopungua upepo. Upungufu huo ulijulikana kabla ya safari. Naitrojeni haikuwa karibu, na safari haikungojwa. Tairi moja lililopungua lilimtwika jirani yake uzito, yakapasuka wakati ndege inakimbia, moto ukawaka, kisha magurudumu yanayoungua yakakunjwa ndani ya mwili wa ndege. Watu wote 261 walikufa. Tairi lililopungua linapinda sana kila mzunguko, kupinda huko ni joto, na joto linaachanisha matabaka ya ndani ambayo jicho halioni.

Mvua ya masika inaongeza sababu ya pili. Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji: tisa mara kipeuo cha pili cha presha ya psi, jibu ni noti, yaani maili za baharini kwa saa. Tairi la psi 42 linaelea kwenye noti 58. Likishuka hadi 30, linaelea kwenye noti 49. Umepoteza noti tisa za breki kwa uvivu wa kutopima.

Baada ya geji, tumia mikono. Sukuma ndege kidogo ili uone pale tairi lilipokuwa limekalia. Tafuta mkato, misumari, vipande vya matumbawe vilivyochomeka, uvimbe kwenye kuta, na mistari midogo ya mpira uliokauka kwa jua. Mfereji wowote ukiisha mahali popote, tairi libadilishwe, hata kama upande wa pili bado ni mzuri. Ukiona nyuzi, ndege hairuki. Kitu kilichochomeka ndani usikichomoe tairi likiwa na presha, kwani kinaweza kutoka kama risasi. Weka alama ya chaki, toa upepo, ndipo ukichomoe.

Tairi jipya hutanuka. Likishajazwa mara ya kwanza, liache saa 12 au zaidi, kisha pima na uongeze. Likiwa halina tyubu, kupungua hadi asilimia 5 kwa saa 24 ni kawaida. Zaidi ya hapo, chukua maji ya sabuni utafute povu kwenye valvu, ukingo na maungio ya gurudumu.

Naitrojeni au hewa ya kawaida? Kwa ndege ndogo hewa kavu inakubalika, ingawa naitrojeni ni bora, maana haina unyevu wa kulisha kutu. Kwa ndege kubwa hakuna hiari. Tarehe 31 Machi 1986, Boeing 727 ilianguka Mexico, watu 167 wakafa, baada ya breki kupata moto kupita kiasi na tairi lililojazwa hewa kulipuka likiwa limekunjwa ndani. Baada ya hapo Marekani ikataka matairi ya magurudumu yenye breki ya ndege kubwa yawe na oksijeni isiyozidi asilimia 5.

Oleo: nguzo inayodanganya

Fikiria pampu ya baiskeli iliyozibwa mdomo: unaisukuma, inakurudisha. Hiyo ndiyo gesi ndani ya oleo, na ndiyo inayobeba ndege ikiwa imesimama. Lakini kishindo cha kutua hakimezwi na gesi, kinamezwa na mafuta. Pistoni inapopanda, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye tundu dogo, na nguvu ya kishindo inageuka joto. Bila mafuta ya kutosha, ndege inadunda kama mpira, au chuma kinagonga chuma.

Udanganyifu uko hapa. Mtu anaona nguzo imeshuka, anachukua chupa ya naitrojeni, anapandisha mpaka urefu uwe sawa. Kwa macho imepona. Kumbe mafuta yamevuja, na gesi imechukua nafasi yake. Kutua kunakofuata ndiko kutakakosema ukweli. Kwa hiyo, nguzo ikishuka, pangusa kwanza. Chukua kitambaa cheupe safi, kilichoguswa kidogo na mafuta ya haidroliki yaleyale ya nguzo, upitishe kwenye ile sehemu ya kromu inayong’aa. Kikitoka na rangi nyekundu iliyokolea inayotiririka tena baada ya kupangusa, sili imechoka na mafuta yanatoka. Kikitoka na vumbi jeupe la matumbawe tu, huenda ni gesi iliyopungua. Na kupangusa kwenyewe ni matengenezo: chembe za mchanga zikibaki kwenye kromu, kila mguu unapopanda zinaingia kwenye sili na kuikata. Hapa Manda mimi ningepangusa kabla ya kila safari ya kwanza ya siku.

Urefu wa kromu inayotakiwa kuonekana umeandikwa kitabuni. Kwenye Piper Archer ni inchi 4.5 kwa miguu mikuu na 3.25 kwa pua, kwa uzito uliotajwa. Tikisa bawa mara mbili tatu kabla ya kupima, kwa sababu nguzo hukwama.

Kujaza upya kwenye ndege ndogo hufuata mpango huu, chini ya macho ya mhandisi:

1. Inua ndege kwa jeki mahali palipoonyeshwa na kitabu, sakafu iwe ngumu na upepo uwe umetulia. Hapa Manda, alasiri, ndege haifai kuinuliwa nje.
2. Vaa miwani. Fungua kifuniko cha valvu, toa gesi polepole mpaka mlio uishe kabisa. Povu la mafuta litatoka. Usifungue mwili wa valvu kabla ya hapo kwa sababu yoyote.
3. Toa kiini cha valvu, sukuma pistoni hadi juu kabisa, ujaze mafuta mpaka usawa wa tundu. Ni mafuta mekundu ya madini ya daraja la 5606 kwa ndege nyingi ndogo. Mafuta ya breki ya gari ni sumu kwa sili hizo, na ya zambarau ya ndege kubwa vilevile.
4. Funga mrija unaoona ndani, mwisho wake uzame kwenye chombo cha mafuta hayohayo. Vuta na kusukuma pistoni taratibu mpaka mapovu yaishe. Hapa ndipo haraka huharibu kazi.
5. Rudisha pistoni juu kabisa, funga kiini, shusha ndege, jaza naitrojeni mpaka urefu wa kitabu.
6. Paka maji ya sabuni kwenye valvu, pangusa, funga kifuniko.

Mguu wa springi hauna mafuta, lakini usidhani hauna madai. Chuma chake kina nguvu nyingi na uso wake wa chini umegongwagongwa kiwandani ili usipasuke. Mkwaruzo au kishimo cha kutu hapo ni mwanzo wa ufa. Rangi ikibanduka hata ukubwa wa ukucha, irudishwe mapema, na kutu isiondolewe kwa dawa ya tindikali. Tindikali inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na chuma hicho huja kukatika siku nyingine bila onyo.

Breki na beringi

Ndege ikilala nje usiku mmoja Malindi, asubuhi diski ya breki ina kutu ya rangi ya machungwa. Kutu hiyo nyepesi inaondoka ukikimbiza ndege taratibu na kugusa breki. Vishimo haviondoki. Vikikwaruza ukucha, mwite mhandisi. Pima pia unene wa pedi: nyingi za kampuni ya Cleveland hubadilishwa zikifika milimita 2.5. Pedi mpya zinataka kuzoeshwa kwa utaratibu wa aina yake. Za madini, kwa mfano, huzoeshwa kwa kuisimamisha ndege kabisa mara mbili mfululizo kutoka mwendo wa kati ya noti 30 na 35, bila kuacha diski ipoe sana katikati. Ukiruka hatua hiyo, pedi haishiki vizuri na rubani atakuambia breki ni mbovu.

Pedali ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa kwenye mirija. Ikizama polepole ukiikanyaga, sili ya silinda inapitisha. Na ukishatua ukiwa umetumia breki sana, usifunge breki ya kuegesha. Weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya tairi. Breki yenye moto iendewe kutoka mbele au nyuma ya gurudumu, wala si ubavuni, kwa sababu gurudumu likipasuka vipande huruka pembeni.

Beringi huoshwa kwa kiyeyushi, hukaushwa bila kuizungusha kwa hewa ya kompresa, kisha hutazamwa moja moja. Rangi ya buluu ni joto lililopita kiasi. Madoa meusi yaliyopangana kwa nafasi za rola ni maji yaliyolala humo wakati ndege imeegeshwa, na huku pwani hayo ndiyo nimeona mengi. Usichanganye grisi za aina mbili, kwani nyingine zikikutana huwa maji. Nati ya ekseli hukazwa gurudumu likizungushwa, kisha hurudishwa hadi tundu la pini kama kitabu kinavyosema. Pini iwe mpya kila mara.

Kuosha, kazi isiyopewa heshima

Kisiwa cha Manda hakina maji matamu ya kutegemea, na hili limewahangaisha watu tangu zama za Takwa, mji wa kale wa kisiwani humo. Kwa hiyo kishawishi cha kwanza ni kuosha ndege kwa maji yoyote yaliyopo. Maji ya kisima yenye chumvi ni afadhali uache kabisa. Weka tangi la maji ya mvua kwa kazi hii, au letewa maji matamu kutoka ng’ambo kwa madumu. Miguu miwili na pua havihitaji mengi.

Funika breki na beringi, osha kwa presha ndogo na sabuni iliyoruhusiwa, suuza kutoka juu, kausha. Halafu tia grisi kwenye viungo vya mkasi na kila penye nipeli mpaka grisi ya zamani itoke pamoja na maji. Watu huosha wakaondoka, wakaacha maji ndani ya bushi. Hapo ingekuwa heri wasingeosha.

Ndege isiyoruka isogezwe kila siku chache ili tairi lisikalie upande mmoja na beringi ijipake grisi upya.

Ikitikisika, ikigonga, ikikunjwa

Pua ikitikisika wakati wa kukimbia, wengi hulaumu shimi dampa moja kwa moja. Anza na vya bei ndogo: presha ya tairi, usawa wa gurudumu, bushi za mkasi zilizolegea. Inua pua, shika gurudumu, lizungushe kidogo kulia na kushoto, usikilize mlio. Dampa iwe ya mwisho.

Ndege ikitua kwa kishindo, rubani aseme, hata kama abiria walipiga makofi. Kinachotafutwa ni mikunjo kwenye bati karibu na mguu na ukuta wa injini, ribiti zilizotoa ukungu mweusi, rangi iliyopasuka kwenye mabano, mafuta mapya kwenye nguzo, na ndege inayokaa upande. Kwenye Cessna iliyogonga kwa pua, ukuta wa injini utazamwe kabla ya kitu kingine.

Kwa miguu inayokunjwa kuna mambo matatu ya kila mara. Swichi inayojua kama ndege imekalia magurudumu lazima iwe safi, maana ndiyo inayozuia miguu isikunjwe ndege ikiwa ardhini, na chumvi hupenda mguso wa umeme. Pini nyekundu za usalama ziwekwe kabla ya mtu kuingia kwenye tundu la gurudumu, na zihesabiwe zikitoka. Na kushusha kwa dharura kujaribiwe ndege ikiwa juu ya jeki kwa muda uliopangwa: Piper Arrow huachia presha miguu ikashuka kwa uzito wake, Baron huzungushwa kwa mkono mizunguko 50 hivi. Rubani ambaye hajawahi kuuzungusha mkono huo chini, asitarajie kuufahamu akiwa angani juu ya Ngomeni.

Mwisho wa kazi andika namba, usiandike “sawa.” Andika presha ya kila tairi na saa ya kupima, urefu wa kromu kwa kila nguzo, unene wa pedi, maji gani yametumika kuosha. Fundi wa Wilson atakayeifungua ndege hiyo mwezi ujao ataona kutoka kwenye namba hizo ni nguzo ipi imekuwa ikishuka milimita moja moja, na ataagiza sili kabla haijamwaga.